Jimbo la Hainan: Kiti ni cha Nani na Ufunguo ni wa Nani?



Tangu tarehe 18 Disemba 2025 kisiwa kizima cha Hainan, kilicho kusini kabisa mwa Uchina, kimewekewa utaratibu wa forodha ulio mbali na ule wa bara. Bidhaa nyingi za nchi za nje huingia kisiwani bila ya ushuru, na ukaguzi mkubwa hufanywa pale mali itakapo kuvuka kwenda bara. Habari hii imefika mabarazani, na kama ilivyo desturi ya habari zivukazo bahari, imefika ikiwa imenenepa. Wako wasemao kwamba Hainan imekuwa dola ya peke yake. Wako wasemao kwamba Beijing imewaachia watu wa kisiwa hicho mambo yao wayaendeshe watakavyo. Na wako, hasa miongoni mwa vijana wetu, waulizanao: ikiwa kisiwa kimepewa serikali yake, gavana wake, baraza lake na sasa forodha yake, kimebakiwa na haja gani tena?

Swali ni zuri na lastahili jawabu la haki. Walakini jawabu halipatikani kwa kutazama ubao uliotundikwa juu ya mlango. Mpita njia husoma jina la duka akadhani mwenye jina ndiye mwenye mali. Sisi tuuzao na kununua twajua kwamba la kuuliza ni nani ashikaye ufunguo wa kasha, nani amwekaye karani, na nani awezaye kumwondoa. Leo twataka kuiuliza serikali ya jimbo la Hainan maswali hayo matatu, bila ya chuki na bila ya kupaka rangi.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kichina jimbo huitwa sheng. Neno hili hapo asili halikuwa jina la nchi wala la watu. Lilikuwa jina la ofisi. Wamongoli walipoitawala Uchina katika karne ya 13 walikuwa na diwani kuu katika mji wao wa enzi, na kutoka diwani hiyo wakapeleka matawi kwenda kuzitawala nchi za mbali. Tawi liliitwa xing sheng, yaani diwani ya safarini. Miaka ikapita, ofisi iliyokuwa safarini ikakaa, ikaota mizizi, na jina lake likageuka kuwa jina la ardhi iliyo chini yake. Kwa hiyo jimbo la Kichina halikuzaliwa kwa wenyeji kukutana na kukubaliana wawe kitu kimoja. Lilizaliwa kuwa ni mkono wa mji mkuu ulionyooshwa. Anayelisahau jambo hili hataelewa lolote katika yatakayofuata.

Nasaba ya Qing, iliyotawala tangu 1644 hata 1912, iliweka gavana juu ya jimbo, na mahali pengi ikaweka juu ya majimbo mawili au matatu mkubwa mwingine aliyeitwa zongdu, ili hawa wawili wachungane. Tena palikuwa na kanuni ya zamani kwamba mtu hapewi kazi ya utawala katika jimbo alilozaliwa. Hikima ya kanuni hiyo haikosi kuonekana: hakimu asiye na mjomba mjini hukata hukumu bila ya kuona haya. Lakini hakimu huyo huyo hana shamba katika nchi ile, wala hana makaburi ya wazee wake ya kuyachunga, na akili yake yote iko katika barua itakayomhamisha kwenda mahali bora zaidi. Wafalme waliijua kasoro hiyo wakairidhia, kwa kuwa jambo walilolichelea zaidi ni mtawala apendwaye na wenyeji.

Sasa tukitazame kisiwa chenyewe. Hainan ina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 35,000, na hesabu ya watu ya mwaka 2020 iliwakuta watu zaidi ya milioni 10. Imetengwa na bara na mlango wa bahari wa Qiongzhou, ambao penye wembamba wake hauzidi sana kilomita 20. Majeshi ya nasaba ya Han yaliingia na kuweka utawala mwaka 110 kabla ya Masihi. Lakini wenyeji waliasi mara kwa mara, na mwaka 46 kabla ya Masihi dola ikaona gharama imezidi faida, ikajiondoa. Baadaye ilirudi. Wenyeji wa kale, Wali, wangali wako, nao leo ni zaidi ya milioni moja, wengi wao wakikaa katika nchi ya milima ya kati na kusini.

Kwa karne nyingi wakubwa wa bara walikiona kisiwa hiki kuwa ni mwisho wa dunia, mahali pa kumtupa mtu aliyekasirikiwa. Mshairi mkubwa Su Shi, ajulikanaye pia kwa jina la Su Dongpo, alihamishiwa Danzhou katika kisiwa hicho mwaka 1097, akakaa mpaka mwaka 1100. Na kisiwa nacho kilipeleka watu wake bara. Hai Rui, aliyezaliwa Qiongshan mwaka 1514, alipata kumwandikia mfalme wa nasaba ya Ming barua ya kumkemea kwa kuzipuuza kazi za ufalme, akatiwa kifungoni, akanusurika kwa kuwa mfalme alikufa kabla yake. Jina lake likawa mfano wa kadhi asiyekula rushwa. Mwaka 1965 mchezo wa kuigiza ulioandikwa juu ya huyo Hai Rui ulishambuliwa magazetini, na shambulio hilo likawa ufunguzi wa yale yaliyoitwa Mapinduzi ya Utamaduni. Mwaka 1966 hata kaburi lake mjini Haikou lilivunjwa, yeye akiwa maiti wa miaka karibu 400. Lilitengenezwa tena baadaye.

Katika hesabu za serikali, Hainan ilitiwa chini ya Guangdong tangu 1370, mwanzoni mwa nasaba ya Ming. Mwaka 1912, baada ya kuanguka ufalme, Sun Yat-sen na wenziwe walitoa rai kwamba kisiwa kifanywe jimbo. Rai haikutimia. Mwezi wa Aprili 1949 serikali ya Kuomintang, ikiwa yaendelea kushindwa huko bara, ilikitenga kisiwa kuwa eneo la utawala wa peke yake. Lakini baada ya mwaka mmoja hivi kisiwa chenyewe kikawatoka.

Hapa yafaa tusimame kidogo, kwani hapa ndipo penye mtu ambaye kila mtu wa kisiwa apaswa kulijua jina lake. Feng Baiju alizaliwa Qiongshan mwaka 1903. Tangu 1927 kulikuwa na kikosi cha wakomunisti kisiwani, na yeye ndiye aliyekuja kukiongoza. Kikosi hicho kilipigana na Kuomintang, kikapigana na Wajapani walioiteka Hainan tangu Februari 1939 hata 1945, kisha kikapigana tena na Kuomintang. Kwa miaka mingi hakikuwa na msaada wa kutoka bara, na pengine hakikuwa hata na simu ya upepo ya kupokelea amri. Mwaka 1946 kilipotakiwa kikiache kisiwa, Feng Baiju alipeleka hoja za kubaki, na kikabaki. Katika milima, Wali wa Baisha, chini ya kiongozi wao Wang Guoxing, waliondoka mwaka 1943 kupigana na wanajeshi wa Kuomintang waliokuwa wakiwadhulumu, na baadaye wakajiunga na Feng. Basi ilipofika majira ya kuchipua ya 1950, na jeshi kubwa la bara likavuka mlango-bahari kwa majahazi ya matanga, mengine yakiwa yametiwa mashine, lilikuta ufukweni watu wa kulipokea. Tarehe 1 Mei 1950 kisiwa chote kilikuwa mikononi mwao. Kikosi cha Feng Baiju kilikuwa kimedumu miaka 23.

Je, mtu huyo alilipwa nini? Hainan haikufanywa jimbo. Ilirudishwa chini ya Guangdong, na tangu 1951 ikawa na ofisi ya utawala iliyokuwa tawi tu la serikali ya Guangzhou. Makada wengi walitoka kaskazini kuja kushika kazi, na wale waliokuwa porini miaka 23 wakajikuta wakiagizwa na watu wasioijua lugha ya kijijini. Feng Baiju mwenyewe alihamishiwa Guangzhou, akapewa cheo cha naibu wa gavana wa Guangdong. Mwaka 1957 yeye na mwenziwe Gu Dacun wakashitakiwa ndani ya Chama. Shitaka halikuwa la wizi wala la kusaliti. Liliitwa udiwani wa nyumbani, kwa maneno mengine, kuwapendelea watu wa kwao na kuweka kwao mbele. Wengi wa wafuasi wake kisiwani walivuliwa kazi. Mwaka 1963 alipelekwa Zhejiang, mbali kabisa na kisiwa, akafa Beijing mwaka 1973. Mwaka 1983, miaka kumi baada ya kuzikwa kwake, Chama kilitamka kwamba hukumu ile haikuwa ya haki.

Tumelikawilia jambo hili kwa makusudi. Kanuni ya wafalme wa Qing, kwamba mtu asitawale kwao, ilikuwa imefutwa katika vitabu. Lakini hofu iliyoizaa kanuni hiyo ilikuwa ingali hai, nayo imepata jina jipya.

Hainan ilifanywa jimbo tarehe 13 Aprili 1988, kwa uamuzi wa Baraza Kuu la Wawakilishi wa Wananchi lililokaa Beijing. Siku hiyo hiyo kisiwa chote kilitangazwa kuwa eneo maalumu la uchumi, lililo kubwa kuliko yote nchini. Serikali mpya iliahidi kuwa ndogo, na kuiacha jamii iwe kubwa. Idara zipunguzwe, na wilaya ziseme na jimbo moja kwa moja pasipo daraja ya kati. Jambo hilo la daraja ya kati lilikuwa na faida yake, na wilaya nyingi za Hainan zingali chini ya jimbo moja kwa moja. Lakini lilikuwa na gharama ambayo husahauliwa. Wali na ndugu zao Wamiao walikuwa na mkoa wao wenye utawala wa ndani tangu miaka ya 1950. Mwishoni mwa 1987, ili kusafisha njia ya jimbo jipya, mkoa huo ulivunjwa na mahali pake pakawekwa wilaya zenye jina la kujitawala. Basi kisiwa kilipandishwa cheo, na watu wa milima yake wakateremshwa, katika majira yale yale.

Sasa tuingie ndani ya nyumba tutazame vyumba. Katiba ya mwaka 1982 yasema kwamba Baraza la Wawakilishi wa Wananchi la jimbo ndilo lenye mamlaka makubwa mahali pale, na kwamba serikali ya jimbo ni mtekelezaji wake. Baraza humchagua gavana na manaibu wake kwa muhula wa miaka mitano. Baraza likiwa halikutani, Kamati yake ya Kudumu hukaa mahali pake. Kamati hizi zilianzishwa na sheria ya 1979, baada ya miaka zaidi ya kumi ambayo majimbo yalitawaliwa na vilivyoitwa Kamati za Mapinduzi. Chini ya gavana ziko idara za fedha, elimu, afya, kilimo na nyinginezo. Kwa kusoma hivyo tu mtu atasema: hii ni serikali ya watu.

Lakini endelea kusoma. Katiba hiyo hiyo yasema kwamba serikali zote za mahali, pamoja na kuliwajibikia baraza lao, ziko chini ya uongozi mmoja wa Baraza la Serikali la Beijing, nalo ndilo baraza la mawaziri. Gavana ana mabwana wawili kwa mujibu wa sheria. Na kila idara yake nayo ina kamba mbili shingoni: moja yavutwa na gavana, nyingine yavutwa na wizara ya kazi hiyo hiyo huko Beijing.

Na baraza lenyewe huchaguliwaje? Mwananchi wa Hainan humpigia kura mjumbe wa tarafa na mjumbe wa wilaya. Wajumbe wa jimbo huchaguliwa na mabaraza yaliyo chini, si na yeye. Kwa hiyo hampigii kura gavana, wala hampigii kura mtu ampigiaye kura gavana.

Tena yuko bwana wa tatu, ambaye katika orodha ya idara za serikali humuoni, naye ndiye mkubwa wa wote. Huyo ni Katibu wa Kamati ya Chama cha Kikomunisti ya jimbo. Gavana kwa kawaida ni naibu wake katika kamati hiyo. Akienda katika mkutano wa Chama hukaa kiti cha pili. Katibu huteuliwa na Kamati Kuu ya Chama huko Beijing, na jina la mtu wa kugombea ugavana nalo hutoka huko huko. Na katika Hainan, kama katika majimbo mengi, imekuwa desturi kwamba Katibu huyo huyo ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu ya baraza. Msomaji na alipime jambo hili polepole. Baraza ndilo la kumsimamia gavana. Mwenyekiti wa kulisimamia baraza ndiye mkubwa wa gavana katika Chama. Na wote wawili wamewekwa na mkono mmoja ulio mbali. Hapo mizani iko, na vitanga vyake viwili vipo, lakini mawe yote yametoka mfuko mmoja.

Atasema mtu: basi uchaguzi huo ni maigizo matupu. La, hatutasema hivyo, kwani si kweli kabisa. Sheria yawaruhusu wajumbe 30 au zaidi wa baraza la jimbo kuungana na kuandika jina la mtu wao. Mwaka 1993 jambo hilo lilitokea, si Hainan bali katika majimbo ya Zhejiang na Guizhou: wajumbe walimkataa gavana aliyependekezwa na Chama, wakamchagua mwingine. Huko Zhejiang alishinda Wan Xueyuan, na huko Guizhou Chen Shineng. Mbingu haikuanguka. Waliochaguliwa walikishika kiti. Walakini Beijing ilifahamu, na tangu hapo hesabu za kura hupigwa vizuri zaidi kabla ya wajumbe kuingia ukumbini.

Maswali yetu mawili ya mwisho, nani amwekaye na nani amwondoaye, yana majawabu ya wazi katika maisha ya watu. Kabla ya kuwa jimbo, mkubwa wa serikali ya Hainan alikuwa Lei Yu. Mwaka 1983 Beijing ilikipa kisiwa ruhusa ya kuagiza bidhaa za nje kwa matumizi yake, kwa sharti kwamba zisiuzwe bara. Tangu 1984 mpaka mwanzoni mwa 1985 ziliidhinishwa motokaa 89,000, pamoja na televisheni zaidi ya milioni mbili, kwa kisiwa ambacho barabara zake zilikuwa chache na umeme wake ni wa kubahatisha. Kila mwenye akili ya biashara atajua zilikuwa zikienda wapi. Lei Yu alitaka fedha za kujengea kisiwa kilichosahauliwa miaka 30, na uchunguzi haukumkuta amejitajirisha. Lakini sharti lilikuwa limevunjwa, naye akaondolewa mwaka 1985. Twaona kosa lilikuwa kosa. Twaona pia kwamba watu wa kisiwa hawakuulizwa lolote, si alipowekwa wala alipoondolewa.

Gavana wa kwanza wa jimbo alikuwa Liang Xiang, aliyepata sifa Shenzhen kabla ya kuja. Mwezi wa Julai 1989 aliitwa Beijing, na Septemba akavuliwa. Shitaka lililotangazwa lilikuwa la kutumia cheo kwa faida ya jamaa zake; wengi waliona sababu hasa ni kwamba alikuwa upande wa Zhao Ziyang, aliyeanguka katika misukosuko ya Juni mwaka huo. Liwe lipi liwalo, kiti cha Haikou kilitikisika kwa sababu ya mtetemeko wa Beijing. Tena yuko Wang Qishan, aliyeletwa kuwa Katibu wa Hainan mwezi wa Novemba 2002. Aprili 2003, maradhi ya mapafu yaliyoitwa SARS yalipotapakaa Beijing, aliondolewa kwenda kuuokoa mji mkuu. Alikuwa amekaa kisiwani miezi mitano. Jimbo la watu mamilioni likapoteza mkuu wake kama mtu aazimaye ufagio wa jirani.

Na wote hawa wametoka wapi? Xu Shijie, Katibu wa kwanza, na Liang Xiang walizaliwa Guangdong. Ruan Chongwu, aliyekuwa Katibu na gavana kwa pamoja tangu 1993 mpaka 1998, ni mtu wa Hebei. Luo Baoming ni wa Tianjin, Shen Xiaoming ni wa Zhejiang. Luo Baoming alikwisha staafu alipotangazwa mwaka 2024 kwamba anachunguzwa kwa makosa ya nidhamu na ya sheria.

Haki yataka tuseme na upande wa pili. Hainan ya leo si ile ya 1988. Reli ya mwendo wa kasi yakizunguka kisiwa chote tangu mwisho wa 2015. Hospitali, vyuo na bandari zimejengwa kwa fedha ambazo jimbo dogo lisingalizipata peke yake. Mkono ulionyooshwa waweza kuleta na pia kuchukua. Lakini tuhesabu hasara nazo, maana daftari lina kurasa mbili. Mwaka 1992 na 1993 wafanya biashara wa ardhi kutoka bara walikimiminikia kisiwa, bei ya viwanja ikapaa. Beijing ilipokaza mikopo katikati ya 1993, wakakimbia, wakaacha mamia ya majumba yasiyoezekwa. Benki ya Maendeleo ya Hainan, iliyoanzishwa 1995, ikazama na madeni hayo, na tarehe 21 Juni 1998 ikafungwa. Ilikuwa benki ya kwanza kufungwa tangu ilipoundwa Jamhuri ya Watu wa Uchina. Hata hivi karibuni, mwishoni mwa 2021, huko Danzhou iliamriwa kubomolewa majengo 39 ya kampuni ya Evergrande yaliyojengwa juu ya visiwa vya kutengenezwa.

Turudi sasa kwenye forodha, ambayo ndiyo iliyoanzisha mazungumzo. Mpango ulitangazwa na Xi Jinping tarehe 13 Aprili 2018, katika sherehe ya miaka 30 ya jimbo. Sheria ya Bandari Huru ya Hainan ilipitishwa Juni 2021. Kwa utaratibu wa sasa, aina za bidhaa zisizotozwa ushuru zimepanda kutoka karibu 1,900 kufika karibu 6,600, nazo ni asilimia 74 ya orodha yote. Kampuni za kazi zinazohimizwa hulipa kodi ya mapato ya asilimia 15, ambapo bara ni 25. Na mali iliyotengenezwa kisiwani kwa malighafi ya nje, ikiwa imeongezewa thamani isiyopungua asilimia 30, yaweza kuingia bara bila ya ushuru. Mfanya biashara yeyote akisoma hayo mikono humwasha.

Na baraza la jimbo limepewa uwezo wa kutunga kanuni za bandari hiyo, uwezo mpana kuliko wa majimbo mengine. Hili ni jambo la kweli na tusilidharau. Lakini sheria iliyolipa uwezo huo haikutungwa Haikou. Ilitungwa na Kamati ya Kudumu ya Baraza Kuu huko Beijing, nayo yaweza kuibadili bila ya kukiuliza kisiwa. Kanuni zitungwazo Haikou hupelekwa Beijing zikaangaliwe. Kiwango cha kodi kimeamuliwa Beijing. Na afisa wa forodha asimamaye gatini, yule ambaye wasemaji wa barazani humwita askari wa serikali ya kisiwa, si mtumishi wa gavana hata kidogo: Forodha ya Haikou ni tawi la Idara Kuu ya Forodha, na amri yake hutoka huko, na bosi wake yuko huko. Gavana akitaka lango lifunguliwe zaidi au lifungwe, hana budi kuandika barua ya maombi.

Basi vijana wetu wakiulizana kisiwa kile kimebakiwa na haja gani, jawabu letu ni kwamba kina serikali kamili yenye vyumba vyote, na ufunguo wa kila chumba wakaa nje ya nyumba. Muhula wa baraza la sasa la jimbo ulianza Januari 2023. Mwaka 2028 wajumbe wapya watakutana Haikou, karatasi zitagawiwa, na jina lililotoka Beijing litakuwa limeandikwa juu yake. Sheria itawaruhusu 30 miongoni mwao kuandika jina jingine. Gazeti hili litatazama kama litaandikwa, na kama mwenye jina hilo atakuwa mzaliwa wa kisiwa.